Unawaza upasuaji wa kupunguza uzani? Anzia zahanati ya mtaani

SI rahisi kuwa mtu mnene Eldoret. Hata kabla ya kupewa hati ya jiji mnamo Agosti 15, 2024, mji huu ulikuwa tayari umejulikana duniani kwa miguu ya watu wake wembamba. Uwanja wake unaitwa Kipchoge Keino. Asubuhi na mapema ukitoka Langas au Kapsoya unapishana na wakimbiaji ambao hawana hata gramu moja ya ziada, nawe unapanda matatu ukiombea upate kiti cha dirishani usije ukambana mtu. Makanga anakuangalia, anacheka, "Siste, wewe lipa ya wawili." Gari zima linacheka. Wewe pia unacheka, kwa sababu ungefanya nini?

Kwa hivyo ukiona kwenye simu video ya mtu aliyefanyiwa upasuaji wa tumbo akapungua kilo hamsini, ni kawaida kujiuliza: kama ninachangia SHA kila mwezi, mbona nisifanyiwe pia?

Swali hilo ni la maana, na hauko peke yako. Utafiti wa kitaifa wa STEPS wa mwaka 2015 ulionyesha kuwa asilimia 27 ya watu wazima nchini walikuwa na uzani uliozidi au unene wa kupindukia, na wanawake walikuwa wengi zaidi ya wanaume. Hao si matajiri wa Elgon View pekee. Chipo na soda ni chakula cha mtu asiye na muda wala jiko, na mtu wa aina hiyo yuko Huruma na Munyaki.

Kwanza tutenganishe mambo mawili ambayo mtaani huchanganywa kila siku. Kunyonya mafuta tumboni au mapajani ni urembo. Kunabadilisha umbo lakini hakutibu kisukari, na bima ya umma haijawekwa kwa kazi hiyo. Hakukosi hatari pia: Oktoba 2024 mwanamke mmoja alifariki baada ya kufanyiwa utaratibu kama huo katika kliniki moja ya Nairobi, na baraza la madaktari, KMPDC, likaifunga kliniki hiyo.

Upasuaji tunaouzungumzia hapa unafanywa kwenye mfumo wa chakula wenyewe. Katika aina moja, daktari huondoa karibu asilimia 80 ya mfuko wa tumbo, ukabaki mrija mwembamba kama ndizi. Katika aina nyingine, kijifuko kidogo hutengenezwa sehemu ya juu ya tumbo na kuunganishwa na utumbo mwembamba, chakula kikapita njia ya mkato. Zote mbili hupunguza kiasi unachoweza kula, na pia hubadilisha homoni za njaa. Ndiyo maana sukari ya mgonjwa wa kisukari aina ya pili inaweza kushuka hata kabla kilo zenyewe hazijapungua sana. Ukilipa mwenyewe katika hospitali ya kibinafsi, jiandae kwa mamia ya maelfu ya shilingi.

Sasa, nani anafaa? Shika kikokotoo. Chukua uzani wako kwa kilo, ugawanye kwa urefu wako wa mita uliozidishwa kwa wenyewe. Jibu ndilo BMI. Tuseme una urefu wa mita 1.65 na uzani wa kilo 105. 1.65 mara 1.65 ni 2.72. Ukigawanya, unapata 38.6.

Kwa miaka mingi madaktari duniani walifuata kanuni iliyotolewa Marekani mwaka 1991: BMI ya 40 na zaidi, au 35 na zaidi ikiwa una ugonjwa unaoletwa au kuzidishwa na unene. Mwaka 2022 vyama vikubwa viwili vya madaktari wa upasuaji huu vililegeza kamba. Vikasema anayefika 35 afikiriwe hata bila ugonjwa mwingine, na aliye kati ya 30 na 35 afikiriwe akiwa na tatizo kama kisukari.

Uingereza ndiko kwenye somo zuri kwetu, kwa sababu huko serikali hulipa kila kitu na kwa hivyo imelazimika kuandika wazi nani apite na nani abaki nje. Mwongozo wao bado unasema 40, au 35 na ugonjwa. Lakini unaongeza jambo ambalo wengi hapa hawajalisikia: kwa watu wenye asili ya Afrika, kama ilivyo kwa Waasia, daktari anaweza kupunguza viwango hivyo kwa 2.5, kwani miili yetu huanza kupata madhara mapema. Rudi kwa yule wa 38.6. Kwa hesabu ya kawaida, bila ugonjwa, amekosa. Kwa hesabu ya mtu wa asili ya Afrika amepita, kwa kuwa mstari umeshuka hadi 37.5. Ukikutana na daktari anayekutajia 40 kana kwamba imeandikwa kwenye jiwe, mwulize kwa heshima kuhusu jambo hili.

Nambari hiyo hufungua mlango tu. Ndani utaulizwa una ugonjwa gani: kisukari, presha, mafuta kwenye ini, kukoroma hadi pumzi inakatika usingizini, magoti yaliyochoka ukiwa na miaka 26, hedhi inayokuja itakavyo. Utaulizwa umejaribu nini, kwa muda gani, na nani aliona. Hapa ndipo vijana wengi huanguka. Umefanya diet ya mtandaoni mara nne, umelipia gym karibu na Rupa, umekunywa ile chai ya kijani inayouzwa na rafiki yako, lakini hakuna daktari hata mmoja aliyeandika popote. Kwenye faili lako, hujajaribu chochote.

Utapelekwa kwa mtaalamu wa lishe na pengine mwanasaikolojia. Usikasirike ukidhani unaitwa mwendawazimu. Kuna watu hula kwa sababu ya huzuni, na huzuni haikatwi pamoja na tumbo. Pombe pia itatajwa, kwa sababu baada ya upasuaji huingia kwenye damu upesi zaidi na baadhi ya watu huishia kuwa walevi. Sigara utaambiwa uiache. Kama wewe ni mwanamke, utaulizwa kuhusu mipango ya uzazi, maana hushauriwi kupata mimba kwa mwaka mmoja hadi mwaka mmoja na nusu baada ya kufanyiwa. Unene ukipungua, mimba huja kwa urahisi kuliko awali. Wengi hushtuka.

Tuje kwa pesa. SHA ilichukua nafasi ya NHIF Oktoba 1, 2024. Ukiwa umeajiriwa, unakatwa asilimia 2.75 ya mshahara wote, kwa hivyo wa Sh40,000 hutoa Sh1,100 kwa mwezi. Asiye na ajira rasmi hukadiriwa kulingana na hali yake, kiwango cha chini kikiwa Sh300 kwa mwezi, na hutakiwa kulipa ya mwaka mzima. Kwa kijana wa boda au wa saluni, hilo la kulipa mwaka mzima kwa mpigo ndilo kikwazo chenyewe. Kuna mfuko wa huduma za msingi ambao hauhitaji mchango, ila usajili tu kupitia *147#, nao hulipia matibabu katika zahanati na vituo vya afya. Upasuaji na kulazwa huko juu hulipwa na mfuko mwingine, SHIF, na huo unataka michango yako iwe haina pengo. Kama bado unasoma na unaishi kwa wazazi, hakikisha wamekuandikisha chini yao.

Upasuaji hulipwa kwa viwango vilivyopangwa, na hospitali lazima iombe idhini kabla. Hospitali ndiyo huomba. Usiende kwa ofisi ya SHA kumwuliza karani, "Mnalipia kupunguza mwili?" Atakujibu hapana kabla hujamaliza sentensi, na kwa swali hilo hatakuwa amekosea. Kinachoombewa idhini ni matibabu ya ugonjwa: mgonjwa wa kisukari na presha, BMI kadhaa, ametibiwa kwa dawa na lishe kwa miezi kadhaa bila kupata nafuu, jopo la madaktari limependekeza upasuaji fulani. Ombi la aina hiyo lina miguu. Jibu likija, liwe ndiyo au la, mwombe afisa wa bima wa hospitali akupe nakala ya maandishi, pamoja na kiasi kilichoidhinishwa na pengo utakalojaza. Ahadi ya mdomo haitakusaidia siku ya kutoka wodini.

Maoni yangu ni kwamba serikali ingetuondolea kubahatisha huku. Ingeandika masharti yake ukurasa mmoja, kwa lugha inayosomeka, yakabandikwa kila hospitali ya kaunti. Nchi inayolipia mgonjwa kusafishwa figo zilizoharibiwa na kisukari ina sababu ya kifedha ya kuzuia kisukari hicho mapema. Hiyo ni hesabu ya duka tu.

Kwa mkazi wa Eldoret, njia inaanzia chini. Nenda kituo cha afya kilicho karibu nawe au hospitali ya kaunti ndogo kama Huruma. Pimwa uzani, urefu, presha na sukari, na yote yaandikwe. Rudi kila mwezi. Ndiyo, inachosha, na pengine utaambiwa tu "punguza ugali" na mtu asiyekutazama usoni. Rudi hivyo hivyo. Baada ya miezi sita una historia ambayo hakuna anayeweza kuikana, na unaweza kuomba barua ya rufaa kwenda Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi, MTRH, pale Nandi Road. Ndiyo hospitali ya umma ya ngazi ya juu zaidi upande huu wa nchi. Mpango wa AMPATH, ulioanzia hapo mwaka 2001 kwa ajili ya virusi vya HIV, baadaye ulipanuka hadi kisukari na presha, kwa hivyo magonjwa haya si mageni kwao.

Ukifika, kuna maswali ya kumwuliza daktari wa upasuaji. Nitafanyiwa hapa au nitatumwa Nairobi? Wewe mwenyewe umefanya mangapi ya aina hii? Nani atanifuatilia mwaka wa pili, na wa tano? Leseni ya daktari unaweza kuithibitisha kwenye tovuti ya KMPDC, na hakuna daktari mwema atakayekasirika. Uliza pia bei ya vitamini, madini ya chuma na kalsiamu, kwa sababu utavimeza maisha yako yote na huenda vikatoka mfukoni mwako. Vipimo vya damu vya kila mwaka pia. Kuna watu hupungua vizuri, huacha vidonge kwa kuwa wamejiona wako fiti, kisha baada ya miaka miwili wanaishiwa damu na ganzi inawaingia miguuni.

Waambie pia nyumbani mapema, hasa anayepika. Wiki za kwanza ni uji mwepesi na supu, kidogo kidogo, na mama atadhani unakufa njaa. Kwa sherehe utapewa sahani iliyojaa na shangazi atanuna ukila vijiko vitatu. Afadhali aje kliniki nawe siku moja asikie kutoka kwa mtaalamu wa lishe mwenyewe.

Siku ya miadi foleni huanza alfajiri. Beba kitambulisho, barua ya rufaa, kile kitabu cha presha na sukari, orodha ya dawa unazomeza na kitu cha kula ikiwa unatumia insulini. Ukipewa tarehe ya miezi minne mbele, ichukue, uiandike kwa simu, na mwezi ujao urudi Huruma kupimwa kama kawaida.