Usafi, Uzuri na Kasumba ya Kikoloni

Katika mafunzo ya siasa tumezoea kuutazama ukoloni kama unyang'anyi wa ardhi, nguvukazi na mali. Mtazamo huo ni sahihi lakini hautoshi, kwa maana ukoloni uliingia pia bafuni na kusimama mbele ya kioo. Ulimfundisha Mwafrika kuiona ngozi yake kuwa ni uchafu na nywele zake kuwa ni fujo. Somo hilo halikutolewa bure. Lilikuwa na bei, na faida yake ilikwenda Ulaya.

Kwanza hatuna budi kuondoa uongo mmoja. Mkoloni hakuwakuta watu wasiojua kuoga. Katika mwambao watu walikuwa na mswaki, liwa, mafuta ya nazi, udi wa kufukiza nguo, na udhu kabla ya kila sala. Bara walijipaka samli na mafuta ya nyonyo, na kila kabila lilikuwa na namna yake ya kutunza nywele. Jambo geni lililoletwa ni hukumu juu ya nani anaweza kuhesabiwa kuwa safi.

Tuchukue tangazo la sabuni ya Pears lililochapishwa Uingereza katika miaka ya 1880. Mtoto mweusi anatiwa katika beseni, na anapotoka mwili wake umekuwa mweupe. Uso tu umebaki mweusi. Wenye tangazo walikusudia kuchekesha, lakini ndani ya mzaha huo imo nadharia nzima ya ukoloni: weusi ni uchafu, sabuni ni ustaarabu, na hata akisuguliwa namna gani Mwafrika hawezi kuukamilisha ustaarabu huo.

Sasa tuulize swali ambalo kila mwanafunzi wa siasa anapaswa kuuliza: sabuni yenyewe ilitoka wapi? Mwaka 1911 kampuni ya Lever Brothers ya Uingereza ilipewa na serikali ya Kibelgiji haki ya kuvuna mawese katika maeneo makubwa ya Kongo. Makao yake kando ya mto Kwilu yaliitwa Leverville, ndiyo Lusanga ya leo. Wakongo walisukumwa kwa kodi na kwa nguvu za dola kupanda michikichi na kukata mikungu ya mawese kwa ujira duni. Bei ya mawese ilipoanguka duniani, malipo ya wakataji yalipunguzwa ilhali kodi iliendelea kudaiwa, na mwaka 1931 Wapende wakaasi. Jeshi la wakoloni liliua mamia yao. Mawese hayo ndiyo yaliyolisha viwanda vya sabuni. Kwa hiyo Mwafrika alitoa jasho lake katika shamba la michikichi, kisha sabuni ikarudi Afrika kuuzwa kwake pamoja na maneno kwamba yeye ananuka jasho.

Pili, tutazame miji. Waingereza waliigawa Dar es Salaam katika Uzunguni, Uhindini na maeneo ya Waafrika kama Kariakoo, na katikati wakaacha wazi uwanja wa Mnazi Mmoja ili kutenga mitaa. Sababu iliyotolewa ilikuwa afya. Lakini kama afya ndiyo ingekuwa shabaha, mabomba ya maji na mitaro ingeanzia mahali penye watu wengi zaidi. Mkoloni aliligeuza suala la maji kuwa suala la rangi, akamlaumu mtu kwa uchafu wa mtaa ambao yeye mwenyewe aliunyima maji.

Afrika Kusini walifika mbali zaidi. Chini ya sheria ya 1950 ya kuandikisha watu kwa rangi, ofisa aliweza kuchomeka penseli katika nywele za mtu. Ikikwama, mtu huyo aliweza kupoteza haki za daraja la juu. Pale ambapo nywele zinaamua mahali pa kuishi na mtu wa kuoa, anayenunua kitana cha moto au krimu ya kujichubua hafanyi hivyo kwa upuuzi tu. Anajaribu kununua nafasi.

Nukta hiyo haikueleweka vizuri hapa kwetu baada ya uhuru. Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana, ianze tarehe 1 Januari 1969, ili kupiga marufuku minisketi, mawigi, suruali za kubana na krimu za kujichubua. Shabaha ya kupinga kasumba ilikuwa halali. Lakini hata kabla ya siku hiyo kufika, vikundi vya vijana viliwashambulia wanawake Kariakoo. Aliyeumizwa ni msichana aliyepaka krimu, si tajiri aliyeiagiza kwa meli. Katika miaka hiyo hiyo mkoani Arusha, Wamasai waliamriwa waache lubega na udongo mwekundu, waoge, wavae suruali. Hapo tafsiri ya mkoloni kuhusu mtu safi ilitumiwa na dola huru dhidi ya wananchi wake.

Linganisha na kampeni ya Mtu ni Afya ya 1973. Watu wapatao milioni 2 walikusanyika katika vikundi kusikiliza redio, wakajadili malaria na kuhara, wakachimba vyoo. Hakuna aliyeambiwa abadili ngozi yake.

Leo mkorogo bado unauzwa, ingawa Tanzania ilikwishaweka sheria ya vipodozi mwaka 2003 na viambato kama zebaki na haidrokwinoni vimekatazwa. Zebaki huharibu figo. Haidrokwinoni ikitumiwa kwa muda mrefu huweza kuacha madoa meusi yasiyofutika. Afrika Kusini iliikataza mwaka 1990. Wasomaji wafahamu pia kwamba Jumuiya ya Ulaya ilikataza zebaki katika sabuni za watu wake mwaka 1976, lakini ni mwaka 2003 tu ndipo ilipokataza kuuza sabuni hiyo nje.

Kanuni za nywele shuleni nazo zitazamwe. Agosti 2016 wasichana wa shule moja ya Pretoria waliandamana kupinga kuambiwa kwamba nywele zao za asili si nadhifu. Katika baadhi ya shule zetu msichana wa Kiafrika hunyolewa, na mwenzake mwenye nywele laini huruhusiwa kusuka. Sababu inayotajwa ni usafi, kana kwamba chawa wana ubaguzi. Kanuni hizo huandikwa na bodi na kamati zetu wenyewe, na kikao kimoja cha bodi hizo hizo kinatosha kuzifuta.