Kule Marekani treni inasikika kwenye radio kabla haijaonekana

Marekani kuna watu wenye kupenda treni ambao hawafiki kando ya reli bila radio ndogo ya mkononi. Si ile ya habari ao muziki. FM yetu ya kawaida inaishia 108 MHz. Treni za kule zinazungumza juu zaidi, kati ya 160.215 na 161.565. Inaombwa kifaa kinachoitwa skana: kinapita masafa moja baada ya lingine, kinasimama pale mtu anasema.

Hesabu yenyewe ni rahisi. Chaneli za reli zina namba, kutoka 7 mpaka 97. Zidisha namba kwa 0.015, ongeza 160.110. Chaneli 20 njo 160.410. Kazi iko katika kujua reli ya karibu inatumia chaneli gani. Leseni mtu anaweza kuzitafuta kwa FCC, ofisi ya serikali yenye kusimamia mawimbi. Wazoefu wengine wanaacha tu skana ipite zote 91, wanakaa karibu na reli kutwa nzima, wanaandika. Kilima kikiwa katikati, kimya.

Wakati mwingine sauti inayosikika si ya mtu. Ni mashine iliyowekwa kando ya reli, inapima joto la beringi za magurudumu treni ikipita. Inataja mahali, hesabu ya ekseli, na kama kuna kasoro. Dereva anasikia, na mwenye skana pia.

Si mchezo. Tarehe 3 Februari 2023, treni ya Norfolk Southern yenye kubeba kemikali ilianguka East Palestine, Ohio. Mabehewa 38 yalitoka kwenye reli. Mashine tatu zilikuwa zimepima beringi moja: joto lake lilizidi la hewa kwa nyuzi 38 za Fahrenheit, kisha 103, kisha 253. Ile ya tatu tu njo ilimwambia dereva asimame. Alikuwa amechelewa kuambiwa.

Kule, kusikiliza masafa hayo yaliyo wazi hakukatazwi. Kusema ndani yake bila leseni ni kosa. Hapa kwetu mtu asiige haraka. Kifungu cha 31 cha Katiba kinalinda siri ya mawasiliano, na penye vita, mwenye kukutwa na kifaa cha kunasa mazungumzo anaweza kuhojiwa vikali kabla hajapata nafasi ya kueleza kwamba anapenda treni.