Nabothi na Wavuvi wa Lamu

Somo letu la leo latoka katika Kitabu cha Kwanza cha Wafalme, sura ya 21.

Habari yenyewe mwaijua. Nabothi alikuwa na shamba la mizabibu karibu na jumba la mfalme Ahabu. Mfalme akalitamani, Nabothi akakataa kulitoa, maana lilikuwa urithi wa baba zake. Ndipo Yezebeli akaandika barua kwa jina la mfalme, mashahidi wa uongo wakasimama, na Nabothi akapigwa mawe akafa.

Twapenda kumlaumu Yezebeli. Lakini hebu tuwatazame wazee wa mji. Walikuwa jirani zake Nabothi. Barua ilipofika wakatenda kama ilivyoandikwa, wala hatusomi kwamba hata mmoja alimtetea. Kwa wanadamu shauri likaisha. Kwa Mungu halikuisha. Alimtuma Eliya akamkute Ahabu mle mle shambani. Ndivyo ilivyo haki ya Mungu: humkumbuka mtu ambaye mji mzima umekwisha kumsahau.

Sasa tuje Lamu. Mvuvi wa Amu, wa Siyu au wa Kizingitini hana hati ya kumiliki bahari. Lakini miamba, mikondo na mikoko aliijua kwa baba yake, kama Nabothi alivyopokea shamba. Machi 2012 ujenzi wa bandari mpya ulizinduliwa huko Kililana. Bahari ikachimbwa, matope yakatifuka, mikoko ikakatwa. Na mwenye dau dogo hawezi kuwafuata samaki hadi bahari kuu.

Ndugu zangu, bandari si dhambi. Gati la kwanza lilifunguliwa Mei 2021, na wako wanaotumaini kupata kazi hapo. Kosa ni kuamua juu ya riziki ya mtu pasipo kumwuliza. Watu wa Lamu walipeleka shauri lao mahakamani, na tarehe 30 Aprili 2018 Mahakama Kuu huko Malindi ikasema kwamba haki zao zilivunjwa, ikaamuru wavuvi wapatao 4,600 walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76. Hata baada ya hukumu wakangoja tena miaka, kama yule mjane wa Luka 18 aliyemwendea kadhi mara kwa mara.

Hapa liko swali kwa Kanisa. Wengi wa wavuvi hao ni Waislamu. Nasi Wakristo tuna majonzi yetu. Hatujasahau Mpeketoni, Juni 2014, wapendwa wetu walipouawa usiku. Mtu aweza kusema moyoni, "Hilo ni shauri lao, si letu." Lakini mvuvi wa Kizingitini siye aliyeua. Usimdai deni asilolikopa. Mithali 31 yatuagiza kumsemea asiyeweza kujisemea, wala haiulizi anasali wapi. Tena Bwana wetu alipoulizwa jirani ni nani, alijibu kwa habari za Msamaria.

Utetezi huanza kwa mambo madogo. Hudhuria baraza siku linapozungumzwa shauri la jirani yako. Msomee barua asiyejua kusoma, kabla hajatia dole gumba. Kataa kuweka sahihi kwenye neno la uongo, hata likija na muhuri wa mkubwa. Wazee wa Yezreeli waliuona muhuri wa mfalme wakamsahau Mungu.

Wahenga walinena, mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Injili yatupeleka mbele zaidi: haki yake mpeni, wala msimnyonge.

Tuombe. Ee Mungu, mtetezi wa yatima na wajane, utusamehe kimya chetu. Uwatie nguvu wanaongojea haki, uwape hekima waamuzi wetu, nasi utupe kinywa cha kusema kweli kabla jirani hajaangamia. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.