JE, TABLETI INAFAA KWA KAZI YA KUCHORA?



Katika mikutano yetu na vikundi vya vijana na kamati za wakimbizi wa ndani, swali moja linarudi mara kwa mara. Kikundi kinapata fedha kidogo kwa ajili ya mabango, vitabu vya katuni au picha za kufundishia juu ya amani. Ndipo kijana mwenye kipaji anasema: "Tununue tableti, tutachora kisasa." Wazee nao wanauliza kama kile kibao cha kioo ni chombo cha mchoraji kweli, au ni kitu cha kutazamia filamu. Swali hilo si dogo. Tableti nzuri ya kuchorea inaweza kula dola mia tatu au zaidi, na fedha hizo zingenunua karatasi, rangi na brashi za kikundi kizima kwa miezi mingi. Zikishatumika hazirudi. Kwa hiyo tumeona vema kulieleza jambo hili kwa urefu.

Kwa ufupi, tableti inafaa. Lakini si kila tableti, wala si kwa kila kazi.

Tofauti iko katika kalamu

Watu wengi wakinunua tableti hutazama ukubwa wa kioo na uzuri wa kamera. Mchoraji atazame kalamu kwanza. Kioo cha tableti za kawaida kina umeme mdogo unaobadilika kinapoguswa na mwili wa mtu, kwa sababu mwili unapitisha umeme. Ndiyo sababu kidole kinafanya kazi na kijiti kikavu hakifanyi. Zile kalamu zenye ncha ya mpira zinazouzwa sokoni kwa bei ndogo zinaiga kidole tu. Tableti haijui kama umegandamiza kwa nguvu au umegusa kidogo. Mstari unatoka na unene uleule tangu mwanzo hadi mwisho, kama waya. Mtu aliyezoea penseli ataona mara moja kwamba mkono wake umefungwa. Tena ukilaza kiganja juu ya kioo, kioo kinaweza kudhani ni kidole kingine, na mistari isiyotakiwa inatokea pembeni.

Tableti iliyotengenezwa na kalamu yake ni kitu kingine. Inaitambua kalamu hiyo peke yake, inaacha kiganja kipumzike, na inapima nguvu ya mkono kwa ngazi nyingi. Kwa kalamu nyingi za siku hizi ni ngazi 4,096. Ukigusa kidogo unapata mstari mwembamba kama unywele, ukikaza mkono unapata mstari mnene. Kampuni ya Wacom ya Japani ina sifa ya siku nyingi katika ufundi huu, nayo hutengeneza kalamu zisizo na betri, zinazopata nguvu kutoka kwenye kibao chenyewe. Samsung hutumia ufundi huo katika kalamu yake ya S Pen, na tableti ya Galaxy Tab S6 Lite, iliyotoka mwaka 2020, iliuzwa ikiwa na kalamu hiyo ndani ya sanduku. Apple ilitoa iPad mwaka 2010, lakini kalamu yake, Apple Pencil, ilikuja mwaka 2015, nayo ni lazima ichajiwe. Hapa pana mtego ambao wauzaji hawausemi: Apple Pencil ya USB-C, iliyotoka mwaka 2023 kwa bei ndogo kuliko nyingine, haipimi nguvu ya mkono kabisa. Kwa kuandika inatosha. Kwa kuchora mtu amelipa bei ya kalamu akapata kidole kirefu.

Viongozi kadhaa wameuliza kama zile tableti ambazo mashirika hutumia kuandikisha familia, kwa programu kama KoboToolbox, zinaweza kuazimwa kwa vijana jioni. Kwa kawaida hazina kalamu ya kweli. Lakini hata kama ingekuwapo, jibu ni hapana. Ndani ya tableti hizo kunaweza kuwa na majina ya watu, idadi ya watoto wao, na mahali walipotoka. Chombo chenye orodha ya familia kisizungushwe mikononi mwa watu kwa sababu yoyote, hata kwa sababu nzuri.

Kipaji hakinunuliwi pamoja na chombo

Wako wanaofikiri kuchora kwenye kioo ni mchezo wa watoto. David Hockney, mchoraji mashuhuri wa Uingereza aliyezaliwa mwaka 1937, alianza kuchora kwenye simu ya iPhone mwaka 2009 na kwenye iPad mwaka 2010. Mwaka 2012 picha zake za iPad, zilizochapwa kwenye karatasi kubwa, zilitundikwa katika kuta za Royal Academy ya London. Wakati huo Apple Pencil ilikuwa haijazaliwa. Lakini kumbukeni kwamba mtu huyo alikuwa amekwisha kuchora kwa zaidi ya miaka 50.

Na sisi hapa Kongo tuna mifano yetu. Tshibumba Kanda Matulu wa Lubumbashi alichora historia ya nchi katika miaka ya 1970 juu ya vitambaa vya mifuko ya unga. Chéri Samba alianza na vibao vya matangazo na katuni mjini Kinshasa kabla ya kujulikana duniani. Barly Baruti, aliyezaliwa Kisangani mwaka 1959, alijipatia jina kwa katuni. Hakuna aliyesubiri kioo. (Na kwa kusema kweli, tableti si mgeni kwetu. Zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia, inayotiwa katika betri, inachimbwa Lualaba na Haut-Katanga, na koltani ya Masisi ni madini ya kutengenezea vipande vidogo vya ndani ya vyombo kama hivyo. Ni mtoto wetu aliyeondoka bila viatu, na sasa anarudi kwa bei ya dola mia tatu.)

Mahali ambapo tableti inasaidia kazi ya amani

Programu za kuchora zina kitu kinachoitwa matabaka. Fikiria karatasi za kioo zilizopangwa moja juu ya nyingine: ya chini ina mlima na mashamba, ya pili ina watu, ya tatu ina nguo na kofia, ya juu ina maneno. Unaweza kufuta au kubadili moja bila kugusa nyingine. Kwa mchoraji wa kawaida huo ni urahisi tu. Kwa sisi tunaofanya kazi ya mapatano, nadhani hiyo ndiyo sababu pekee yenye uzito ya kununua chombo hiki.

Chukueni mfano wa picha ya mgogoro wa shamba. Ng'ombe wameingia katika mihogo, mwenye shamba ana hasira, mchungaji anajitetea. Mchoraji amekusudia kusema kwamba wote wawili waende mbele ya wazee. Lakini picha inapoonyeshwa, watu wanatazama kofia, fimbo, namna ya kuvaa kitambaa, hata umbo la pua, na wanasema: "Kumbe mwenye makosa ni fulani, wa kabila fulani." Picha iliyotakiwa kupatanisha imekwisha kuhukumu. Ndiyo sababu picha kama hizi hujaribiwa kwanza mbele ya watu wachache, wazee peke yao, akina mama peke yao, vijana peke yao, na wa kila upande, kabla ya kuchapwa. Kwa karatasi na rangi, kila sahihisho ni kuchora upya, na mchoraji aliyechoka atasema "inatosha hivyo." Kwa tableti, kofia inaondolewa kwa dakika tano, fimbo inahamishwa, na picha inarudi mbele ya kikundi siku ileile. Watu wakiona kwamba neno lao limebadilisha picha, wanaichukua kuwa ni yao.

Vivyo hivyo kwa lugha. Bango moja linaweza kutakiwa kwa Kiswahili na Lingala, kwa Kinyarwanda na Kihunde huko Masisi, kwa Mashi upande wa Bukavu, kwa Kilendu na Kihema katika Ituri. Picha inabaki, tabaka la maneno linabadilishwa. Hakuna upande utakaosema wengine wamepewa bango zuri na wao wamepewa nakala.

Programu zenyewe zisiwatishe. Krita ni ya bure, nayo inapatikana kwa kompyuta na kwa tableti za Android. ibisPaint pia inapatikana bure, ila ina matangazo. Procreate, iliyoanza mwaka 2011, inanunuliwa mara moja tu, lakini ni ya iPad peke yake. Ukishaiweka Krita ndani ya tableti, unachora bila intaneti.

Kuchapa

Picha inayong'aa kwenye kioo inaweza kutoka mbaya kwenye karatasi. Uamuzi unafanywa siku ya kwanza, unapofungua ukurasa mpya. Kwa uchapaji mzuri huhesabiwa nukta 300 kwa kila inchi: ukurasa wa A4 unataka pikseli 2480 kwa 3508, na wa A3 unataka 3508 kwa 4961. Ukichora katika ukurasa mdogo halafu ukataka kuukuza, utapata picha yenye ukungu, na hakuna dawa. Tabaka moja la A3 linachukua karibu megabaiti 70 za kumbukumbu ya kufanyia kazi. Kwa hiyo tableti yenye gigabaiti 2 itaanza kusuasua baada ya matabaka machache. Mimi nisingenunua iliyo chini ya gigabaiti 4.

Rangi nazo zinadanganya. Kioo kinatengeneza rangi kwa mwanga, mashine inatengeneza kwa wino. Majani ya kijani kikali na bluu ya ziwa yatafifia. Chapeni nakala moja kwanza. Na kama mnajua bango litazungushwa kwa fotokopi nyeusi na nyeupe, choreni kwa mistari minene bila vivuli, kwa maana kila kijivu kitakuwa doa chafu.

Umeme, vumbi na barabara

Betri ya tableti ya inchi kumi inabeba karibu wati-saa 27. Sahani ya jua ya wati 20, kwa siku ya jua zuri, inaweza kuijaza mara moja na kubakiza kidogo kwa simu. Msimu wa mvua msitegemee hivyo. Kioo kinataka kifuko kigumu na kitambaa cha kufuta, kwa sababu chembe ya mchanga chini ya ncha ya kalamu inakwaruza.

Jambo zito zaidi ni usalama. Simu au tableti inaweza kuhifadhi ndani ya kila picha ya kamera mahali ilipopigwa. Ukipiga picha ya mama anayesimulia yaliyompata ili uichore baadaye, umebeba uso wake na mahali anapolala. Mkisimamishwa njiani na chombo kikafunguliwa, hamtaweza kueleza kwamba ilikuwa kazi ya sanaa. Zimeni kabisa uhifadhi wa mahali katika kamera. Msichore uso wa mtu aliye hai katika habari ya mateso. Changanyeni nyuso, badilisheni umri na nguo. Wekeni namba ya siri, na kazi zilizokwisha zihamishwe mahali pengine, zisikae zote ndani ya chombo kimoja kinachotembea.

Halafu iko habari ya nani atakilaza nyumbani. Tableti ni moja, vijana ni wengi, na kitu cha dola mia tatu ndani ya hema ni kishawishi. Andikeni kabla ya kununua: inakaa kwa nani, inatoka kwa zamu gani, ikiharibika nani analipa, na kikundi kikihama inakuwa ya nani. Kamati ambayo haiwezi kukubaliana juu ya maswali hayo manne isinunue kwanza.

Ambapo karatasi inashinda

Kwa watoto waliopita katika vita, tunashauri karatasi na penseli za rangi bila kusita. Mtoto anahitaji kushika kitu chake, kukipaka, kukichana akitaka, na kukipeleka nyumbani. Watoto 20 hawawezi kuzunguka kioo kimoja. Picha ya ukutani katika shule au sokoni nayo ni kazi ya brashi, ambapo wa kabila hili anachanganya rangi na wa kabila lile anapanda ngazi, na mazungumzo yenyewe ni nusu ya kazi.

Pia kuna njia ya katikati, nayo ndiyo tunayoipendekeza kwa vikundi vingi. Choreni kwa penseli, malizeni kwa wino mweusi juu ya karatasi nyeupe, piga picha kwa simu mchana kivulini, simu ikiwa sambamba na karatasi. Kisha isafisheni na kuipaka rangi kwa programu ya bure katika simu hiyo au katika kompyuta. Wenye kompyuta wanaweza kuongeza kibao cha kuchorea kisicho na kioo, cha kampuni kama Huion, XP-Pen au Wacom. Vile vidogo vina bei ya chini sana kuliko tableti, na kalamu zake zinapima nguvu ya mkono. Inachukua siku kadhaa kuzoea kutazama mbele huku mkono ukichora chini.

Mkiamua kununua, msilipe kabla ya kujaribu. Mchukueni mchoraji mwenyewe hadi dukani. Alaze kiganja juu ya kioo na kuchora. Pasitokee alama isiyotakiwa. Achore mstari mmoja akianza kwa kugusa kidogo na kumaliza kwa nguvu, unene ubadilike. Mwisho aweke rula kwa mshazari na kuvuta mstari polepole sana: ukitoka kama ngazi au kama mawimbi, rudisheni chombo sandukuni, hata muuzaji akishusha bei.