Sura ya Tatu: Kilio Kisichoitikiwa

Katika miaka ya 1860, Kilwa Kivinje ilipokuwa bandari kuu ya misafara ya watumwa itokayo upande wa Ziwa Nyasa, alipitishwa huko binti mdogo wa Kiyao aitwaye Swema, aliyetwaliwa kwa ajili ya deni la nafaka lililomshinda mama yake. Na mama huyo, aliyejitoa kufuatana na msafara ili asifarikiane na mwanawe, aliishiwa nguvu njiani akaachwa afe. Kwa mujibu wa simulizi yake, iliyopita katika kalamu za wamisionari na kupigwa chapa Ufaransa mwaka 1870, binti hakutamani tena kuishi. Na alipofikishwa Unguja yu hoi, alihesabiwa maiti, akazikwa angali hai.

Hata leo wako vijana wasiotamani kuishi kama Swema, na wako wanaodhani kwamba kijana ajiangamizaye kwa gongo au kwa unga, au anenaye kuwa heri kufa, ni mkaidi au imani yake ni haba. Lakini jitimai hiyo aghalabu ni ya tangu utotoni. Mtoto mchanga hana cha kutuliza hofu yake ila mwili wa mlezi: akilia akabebwa, mapigo ya moyo hutulia, na ubongo hujifunza kwamba taabu ina mwisho, bali akilia akapigwa, au asiitikiwe kabisa, siku baada ya siku, homoni za mshtuko kama kotisoli humfurika, na akili yake huzoea kukesha, mithili ya baharia wa chombo kinachovuja, asiyepata usingizi hata bahari iwapo shwari. Akibaleghe, hutafuta cha kumlaza baharia huyo. Na kileo, kabla hakijawa maradhi, kwake kilikuwa dawa.

Mwaka 1998 matabibu wa Marekani, Vincent Felitti na Robert Anda, walibainisha kwamba watu waliopatwa na aina nne au zaidi za madhila utotoni walikuwa katika hatari kubwa mara nne hadi kumi na mbili ya ulevi, sonona na kujaribu kujiua kuliko wasiopatwa na lolote. Kwetu Tanzania, uchunguzi wa mwaka 2009 ulionyesha kwamba takriban wasichana watatu katika kumi walitendewa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18, na karibu robo tatu ya vijana, wa kike kwa wa kiume, walipigwa au kuumizwa mwili.

Nasi watu wa pwani, kutoka Kilwa Masoko hata Lindi, tukiinua bakora husema samaki mkunje angali mbichi, tukasahau kwamba samaki huyo hukunjika kwa hofu pia, na akikauka hubaki na umbo hilo.

Hata hivyo jeraha si hukumu. Swema alisikika kaburini, akafukuliwa, akapelekwa misheni na kulelewa; naye mzee, jirani au mwalimu wa chuoni amwitikiaye mtoto leo, au apigaye simu namba 116 kumwombea msaada, humfundisha upya lile somo alilokoseshwa, kwamba aliaye husikiwa.