Nancy Aliimba, Nami Nikawakumbuka Wagonjwa Wangu

Dada yangu ni muuguzi kama mimi, ila yeye anafanya kazi Uingereza. Nilipokwenda kumtembelea mwaka 2023 nilidhani nitapumzika. La hasha! Jioni ya pili tu nilijikuta katika ukumbi wa kanisa nikishona vifungo kwenye suruali kuukuu za watoto. Kundi la waigizaji wa ridhaa lilikuwa likifanya mazoezi ya Oliver!, mchezo wa nyimbo ambao Lionel Bart aliutunga kutokana na riwaya ya Charles Dickens, Oliver Twist.

Waigizaji hawa hawalipwi. Mchana ni walimu, madereva na wauza duka. Lakini msidhani ni mambo ya ovyo, akina mama. Ada hulipwa kwa wenye haki za mchezo, na watoto wana waangalizi waliokubaliwa na halmashauri, kila mmoja akiwa na watoto wasiozidi 12. Dada yangu anacho kibali hicho. Mimi sina, ndiyo maana nikapewa sindano.

Kwa asiyeijua hadithi, Oliver anazaliwa katika nyumba ya maskini. Mama yake anambusu, kisha anakata roho. Anayemhudumia pamoja na daktari ni bibi kizee aliyekwisha kunywa pombe, na mimi kama muuguzi nilikunja uso! Lakini Dickens hakuwa anatania. Sheria ya mwaka 1834 ilikusudia maskini wasaidiwe ndani ya nyumba hizo, ambako mume, mke na watoto walitenganishwa, na riwaya ilianza kuchapishwa mwaka 1837. Yeye mwenyewe, akiwa na miaka 12, alibandika karatasi kwenye vyombo vya rangi ya viatu kiwandani wakati baba yake yuko gerezani kwa sababu ya madeni.

Mchezo wa Bart ulioneshwa mara ya kwanza London mwaka 1960, na nyimbo zake ni za kuchangamsha. Watoto waliposimama na bakuli zao za uji wakiimba juu ya chakula wanachokiota, hata sisi tulioshona tulitikisa vichwa.

Kisha akaja Nancy.

Nancy amelelewa na wezi tangu utotoni, naye anaishi na Bill, mwanamume anayempiga. Katika riwaya, watu wema wanamwahidi mahali salama, lakini anarudi kwa Bill. Mwishowe Bill anamuua kwa sababu alijaribu kumwokoa Oliver. Katika mchezo anaimba wimbo mtamu sana kwamba hatamwacha mtu huyo maadamu anamhitaji.

Mama aliyeigiza Nancy, mwenye watoto wawili, aliuimba kama wimbo wa arusi, mikono ameikunjua. Wakati wa chai alinifuata. "Wewe ni muuguzi," akasema. "Mwanamke aliyepigwa jana anakuwaje?"

Nikamweleza niliyoyaona kwa miaka zaidi ya ishirini. Wengi hawalii. Anafika na mtoto mgongoni, anasema ameanguka bafuni. Ukitaka kumpima presha anakupa mkono mmoja tu, ule mwingine uko ndani ya khanga. Na ukimtaja mumewe, yeye ndiye wa kwanza kumtetea.

Sikumweleza yote. Zamani, nikiwa bado kijana kazini, mama mmoja alinieleza ukweli wa "bafuni" kwake. Nikamjibu nilivyofundishwa nami kabla ya ndoa: vumilia, mwombee. Alirudi baada ya wiki tatu, taya limevunjika. Hakuweza tena kunieleza lolote, na macho yake hayakunilaumu. Ningefarijika kama yangenilaumu.

Kwa hiyo nina ugomvi na wimbo ule. Utamu wake unaweza kumwaminisha mke kwamba kipigo ni sehemu ya mapenzi, nasi akina mama tumeyasema maneno ya namna hiyo kwa mabibi arusi wetu bila hata muziki.

Usiku wa maonesho ukumbi ulijaa. Nancy alisimama pale pale, sauti ile ile. Mikono hakuikunjua. Alishika mkono wa gauni lake, akauvuta taratibu mpaka kwenye kiganja, akaendelea kuuvuta hivyo mpaka wimbo ukaisha. Mama aliyeketi mbele yangu alikuwa akifungua peremende, akabaki ameishika. Makofi yalichelewa kidogo.

Baadaye tuliwapangusa watoto masizi usoni. Mvulana mmoja wa genge la wezi, umri kama miaka tisa, alikuwa kimya tangu pazia lishuke. Nilikuwa nikimshonea kifungo cha koti lake alipouliza, "Kwa nini Nancy hakuondoka tu?"

Mama yake akanitazama. Nikaweka sindano chini, nikavuta kiti.