Kufunga Dirisha Si Kuondoka

Siku moja niliingia katika chumba cha intaneti hapa Bunia ili kupeleka barua ya shule. Kumbe, sanduku la barua-pepe la mtu nisiyemjua lilikuwa wazi mbele yangu. Barua ya juu kabisa ilimwarifu ndugu yake siku atakayopita njia ya Komanda na fedha za ng'ombe. Je, kama angeketi pale mtu mwenye nia mbaya?

Bwana yule hakuwa mpumbavu. Alifunga dirisha, akalipa, akaenda zake. Lakini intaneti kwa asili yake haina kumbukumbu: kila uombapo ukurasa, tovuti hukupokea kama mgeni. Ndiyo sababu mwaka 1994 Lou Montulli, fundi wa kampuni ya Netscape huko Marekani, alibuni kuki. Hiyo ni mfano wa kijikaratasi chenye alama. Tovuti hukikabidhi kivinjari, yaani ile programu ifunguayo kurasa, nacho hukionyesha kila kirudipo. Kijikaratasi husema, "Huyu ni yule yule," hata kama aliyeketi kitini ni mwingine.

Basi, ukitumia kompyuta ya watu, kwanza toka katika sanduku lako kwa kubonyeza "Se déconnecter". Kisha bonyeza pamoja vitufe vya Ctrl, Maj na Suppr, ukafute kuki na historia. Angalia sana muda: mara nyingi umewekwa wa saa moja iliyopita tu, nawe labda umeketi saa tatu. Neno la siri, kama ulikubali lihifadhiwe, lifute pia. (Bei huandikwa ukutani kwa herufi kubwa, haya sijayaona ukutani popote.)

Simu yako mwenyewe ni habari nyingine. Humo kivinjari huweka pia kache, yaani nakala za picha na za sehemu za kurasa, ili kisizipakue tena. Wako wanaoifuta kila jioni wakidhani wanafanya usafi. Kesho yake hununua megabaiti kwa ajili ya picha zile zile. Yatosha kuifuta simu inapojaa, au ukurasa unapokataa kuonyesha habari mpya. Tena kufuta huku hakufiki kwa wenye tovuti: waliyokwisha kuyaandika katika daftari zao hubaki kwao.

Yule bwana nilimtoa katika sanduku lake, nikafuta kuki zote, ndipo nikaanza barua yangu. Nilipomaliza nilifuta na zangu.